Mvua ya kwanza si masika



Mwanafunzi mmoja alinijia baada ya masomo, daftari mkononi, akauliza: «Mwalimu, kitabu chasema kwamba masika ya Katanga huanza mwezi wa kumi. Mwezi huo mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na mama akapanda mahindi. Kisha jua likawaka majuma mawili, mimea ikakauka yote. Je, masika yalikuwa yameanza, au yalikuwa hayajaanza?»

Nilitaka kumjibu upesi, kama walimu wafanyavyo saa ya chakula ikiwa imefika. Lakini nilipofungua kinywa niliona ya kuwa swali lake ni zito. Mwenye kupoteza mbegu mara moja hununua nyingine. Mwenye kuzipoteza mara mbili hukopa. Na deni la mbegu hulipwa kwa mahindi ambayo hayajaota. Basi nimeona afadhali nimjibu hapa, ili na wengine wasikie.

Ili tuelewe vizuri, twendeni kwanza mbali, mpaka India. Nachagua India kwa sababu hakuna nchi nyingine ambamo mwanzo wa mvua umengojewa, umepimwa na kuandikwa kwa bidii kama huko. Katika miezi minne, tangu wa sita hata wa tisa, India hupata karibu robo tatu za mvua yake ya mwaka mzima. Wastani wa nchi yote kwa miezi hiyo ni kama milimeta 870. Karibu nusu ya mashamba hayana mifereji wala visima vya kutosha; yanategemea wingu tu. Na watu wanaokula mavuno hayo wamepita milioni 1,400.

Kwanza neno lenyewe. Wazungu huziita mvua hizo monsuni. Wareno walilipata neno hilo kwa mabaharia Waarabu, ambao husema mausim, maana yake majira, yaani wakati wa jambo fulani. Waswahili wa pwani nao walilipata kwa Waarabu hao hao, wakalifanya msimu. Kumbe monsuni ya Wazungu na msimu wetu ni ndugu wa baba mmoja! Na hapo kale halikuwa jina la mvua. Lilikuwa jina la wakati wa kusafiri: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabia na India mpaka Mombasa na Zanzibar, na kusi ikayarudisha kwao. Baharia aliutazama upepo. Mkulima wa India aliutazama upepo ule ule, lakini yeye alitafuta ndani yake maji.

Upepo huo hugeukaje? Mwaka 1686 Edmond Halley, yule Mwingereza ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alieleza hivi: nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Jua likiwaka juu ya bara, hewa ya pale hupanuka, hupungua uzito na kupanda juu. Basi hewa ya baharini, iliyo baridi zaidi na yenye unyevu, huja kushika mahali pake. Mwaka 1735 Mwingereza mwingine, George Hadley, aliongeza ya kuwa dunia yenyewe inazunguka, na kwa hiyo upepo hauendi njia iliyonyoka bali hupinda.

Maelezo hayo ni mazuri, nami nimeyafundisha ubaoni miaka mingi kwa chaki mbili, nyekundu kwa nchi kavu na buluu kwa bahari. Lakini hayatoshi. Mwaka 1921 George Simpson, aliyekuwa amefanya kazi ya kupima hewa huko India, alikumbusha jambo ambalo kila mkulima wa kule analijua: nchi huwa na joto kali kuliko wakati wote katika mwezi wa tano, kabla ya mvua, na si katika mwezi wa saba mvua zinaponyesha kwa nguvu. Tena, miaka ya ukame ndiyo miaka ya joto jingi. Kama joto la nchi kavu peke yake ndilo livutalo mvua, mwezi wa tano ungekuwa mwezi wa gharika, na mwaka wa ukame ungejiponya wenyewe.

Siku hizi wataalamu hulieleza jambo kwa upana zaidi. Kuizunguka dunia, karibu na ikweta, upo ukanda wa mawingu na mvua ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na hewa ikapanda juu. Ukanda huo hulifuata jua: jua likienda kaskazini, nao huenda kaskazini, likirudi kusini, nao hurudi. Juu ya bahari huenda hatua chache tu. Lakini katika Asia ya kusini, kwa sababu ya bara kubwa lililopata moto, hupanda mbali sana, hata nyuzi 20 na zaidi kaskazini ya ikweta. Joto la nchi kavu hufungua mlango. Halafu mvuke wenyewe huendesha kazi. Maana maji ya bahari yanapogeuka mvuke huchukua joto, na mvuke unapogeuka tena kuwa matone mawinguni hulitoa lile joto. Hewa hupata nguvu ya kupanda zaidi, na ikipanda huvuta mvuke mwingine kutoka baharini. Ni kama moto unaojitafutia kuni.

Je, milima ya Himalaya ina kazi gani? Zamani tuliambiwa kwamba uwanda mrefu wa Tibet, ulio nyuma ya milima hiyo, ni kama jiko lililoinuliwa angani, likipasha hewa joto. Mwaka 2010 wataalamu wawili, William Boos na Zhiming Kuang, walionyesha kwa hesabu za kompyuta ya kuwa milima hiyo hufanya zaidi kazi ya ukuta kuliko ya jiko: huizuia hewa kavu ya kaskazini isije kuchanganyika na hewa ya unyevu ya India na kuipunguzia nguvu.

Sasa tuifuate njia ya upepo, maana hapo Afrika inaingia katika habari hii, tena si kama mgeni. Upepo huanza katika Bahari ya Hindi ya kusini, ukielekea kaskazini-magharibi. Ukifika pwani ya Afrika ya Mashariki hukutana na nchi za juu za Kenya na Ethiopia. Milima hiyo huuzuia usienende magharibi. Hubanwa, hukaza mwendo kama maji katika mfereji mwembamba, huvuka ikweta upande wa pwani ya Kenya, hupita Somalia, na huko hupinda kulia juu ya Bahari ya Arabu na kwenda moja kwa moja India. Nguvu yake kubwa iko juu kidogo ya ardhi, kama kilometa moja au moja na nusu. Mwaka 1969 J. Findlater aliandika habari za mto huo wa hewa kwa ukamilifu, na hata leo jina lake limeshikamana nao. Kusi ambayo mvuvi wa Malindi anailalamikia, kwa kuwa inachafua bahari na kumfungia pwani, ndiyo mwanzo wa upepo ambao majuma machache baadaye hujaza mashamba ya mpunga ya India.

Basi mvua huanza lini? Kwanza nieleze yale yasiyo mwanzo. Katika miezi ya nne na ya tano, kusini mwa India hunyesha mvua za ngurumo nyakati za jioni. Watu huziita mvua za maembe, kwa sababu huja wakati maembe yanapokaribia kuiva. Hutoka katika joto la mchana, hulowesha mahali hapa na kuacha pale, na kesho yake mbingu huwa nyeupe tena. Tena kuna udanganyifu mkubwa zaidi. Miaka mingine, katikati ya mwezi wa tano, wimbi zima la mawingu hupanda kutoka ikweta, upepo ukavuma vizuri na mvua ikanyesha siku kadhaa, hata mtu mwenye akili akasema «Zimefika!» Kisha mawingu huondoka, na joto hurudi kali kuliko lilivyokuwa, mpaka mvua zenyewe zije. Wataalamu wamekichunguza kisa cha namna hiyo cha mwaka 1995, nacho chafanana na shamba la mama wa mwanafunzi wetu kama pacha na pacha.

Kwa sababu hiyo serikali ya India haitangazi mwanzo wa msimu kwa kutazama mvua tu. Idara yake ya hali ya hewa, iliyoanzishwa mwaka 1875, imeweka vituo 14 katika jimbo la Kerala, lililo kusini-magharibi kabisa, na katika visiwa na miji ya jirani. Baada ya tarehe 10 ya mwezi wa tano, ikiwa vituo asilimia 60 au zaidi vimepata walau milimeta 2.5 za mvua siku mbili mfululizo, sharti la kwanza limetimia. Lakini yapo mengine. Upepo wa magharibi lazima uwe mnene, yaani uvume tangu chini mpaka juu sana, tena uwe na nguvu ya kutosha. Na setilaiti lazima zionyeshe mawingu mengi na marefu juu ya bahari ya pale. Mambo hayo yote yakipatana, ndipo tangazo hutolewa. Angalieni hekima yake: mvua ni ushahidi mmoja tu, shahidi mkuu ni upepo, kwa maana wingu la jioni laweza kudanganya, bali mto wa hewa wenye maelfu ya kilometa haugeuki kwa bahati.

Tarehe ya kawaida ya kufika Kerala ni 1 Juni. Hufika Mumbai kama tarehe 11, Delhi kama tarehe 27, na kufikia tarehe 8 Julai nchi nzima imeloa. Hiyo ndiyo kawaida, na kawaida ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kukutana naye njiani. Mwaka 1918 mvua zilifika Kerala tarehe 11 Mei. Mwaka 1972 hazikufika mpaka tarehe 18 Juni.

Hapa mwanafunzi atasema: basi mwaka zinapowahi ni mwaka wa neema. La! Mwaka 1918, uliowahi kuliko yote, mvua ya India ilipungua karibu robo nzima, na ni mmoja wa miaka mibaya katika daftari zao. Mwaka 2009 zilifika tarehe 23 Mei, watu wakashangilia. Msimu ulipokwisha, upungufu ulikuwa asilimia 22. Ni kweli kwamba mwaka 1972 zilichelewa na pia zikawa haba. Lakini mwaka 2023 zilichelewa juma zima, zikaja tarehe 8 Juni, na jumla ya msimu haikupungua ila asilimia 6. Siku ya kuanza haisemi neno juu ya siku zitakazofuata. Ni kama mgeni kubisha hodi: wajua amefika, hujui atakaa muda gani.

Huo mwaka 2023 unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unafundisha kuliko kitabu. Mwezi wa sita nchi ilipata asilimia 91 ya mvua ya kawaida. Mwezi wa saba ikapata asilimia 113, mito ikafurika. Kisha ukaja mwezi wa nane: asilimia 64 tu, Agosti kavu kuliko zote tangu mwaka 1901. Mwezi wa tisa mvua zikarudi, asilimia 113 tena. Mwenye kukaa ofisini akijumlisha apata 94, na kusema mwaka si mbaya. Lakini mahindi hayajui kujumlisha. Mmea uliokuwa ukitoa maua mwezi wa nane haukungojea mvua ya mwezi wa tisa.

Kukatika huko kwa mvua katikati ya msimu kuna jina katika elimu ya hewa: ni pumziko la msimu. Siku za mvua nyingi nazo huitwa siku za kazi. Msimu mzima ni kupokezana kwa kazi na pumziko. Siku za kazi huwa tatu au nne, mara chache hupita juma. Mapumziko, kinyume chake, mara nyingine hupita juma, na mengine ni siku kumi na zaidi. Wakati wa pumziko mvua haitoweki duniani. Mstari wa mawingu uliokuwa umelala katikati ya India huhamia kaskazini mpaka chini ya milima ya Himalaya. Huko mito hujaa na kuvunja kingo, na watu wa Bihar na Nepali hukimbia maji siku zile zile ambazo mkulima wa India ya kati anatazama nyufa za shamba lake. Kusini-mashariki, katika jimbo la Tamil Nadu, hunyesha pia.

Mwaka 2002 pumziko lilikula karibu mwezi mzima wa saba, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote, kama milimeta 280. Nchi nzima ilipata kama nusu tu. Mvua zilikuwa zimefika Kerala vizuri, tarehe 29 Mei, na hakuna aliyetabiri shida hiyo.

Lakini kwa nini mvua ipumzike? Swali hili lilianza kupata jibu zamani za miaka ya 1970 na 1980, setilaiti zilipoanza kupiga picha za mawingu kila siku. Mjapani Tetsuzo Yasunari mwaka 1979, na Wahindi D. R. Sikka na Bi Sulochana Gadgil mwaka 1980, walizipanga picha hizo moja baada ya moja, wakaona jambo la ajabu. Mawingu hayatokei juu ya India tu. Ukanda wake huzaliwa baharini karibu na ikweta, halafu hupanda kaskazini polepole, kama nyuzi moja kwa siku, yaani kilometa mia moja na kitu, mpaka kufika bara baada ya majuma mawili au matatu. Ukanda wa kwanza unapochoka juu ya bara, mwingine huwa unazaliwa baharini. Duru nzima huchukua siku 30 mpaka 50. Tena kuna wimbi la pili, fupi zaidi, la siku 10 mpaka 20, liendalo toka mashariki kuja magharibi. Mawimbi hayo mawili hupandana: yakikutana kwa wema, mvua hupita kiasi, yakikutana kwa ubaya, mbingu hufungwa.

Bahari nayo ina sehemu yake. Ghuba ya Bengali ikikaa siku nyingi chini ya jua na upepo mdogo, maji ya juu hupata joto, mawingu huota. Mawingu yakishaota huikinga bahari isipigwe na jua, na upepo wa mvua huyatikisa maji na kuyapoza. Kwa hiyo mvua inaponyesha inaharibu yenyewe joto lililoizaa. Hupumzika, bahari hupata joto tena. Tofauti haizidi sana digrii moja au mbili, nayo yatosha kumpa mtu chakula au kumnyima. Katika ghuba hiyo hiyo huzaliwa mizunguko ya mvua, kama 14 kwa msimu, ambayo huingia bara kuelekea magharibi na kumwaga maji njiani. Wakati wa kazi huwa mingi, wakati wa pumziko huwa michache.

Yupo tena mwendaji mkubwa zaidi. Mwaka 1971 Wamarekani Roland Madden na Paul Julian walichunguza habari za upepo wa kisiwa kimoja kidogo cha Bahari ya Pasifiki, kiitwacho Canton, wakagundua wimbi la hewa na mawingu liendalo mashariki kuifuata ikweta, likirudi baada ya siku 40 au 50. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi huzisukuma mvua za India, na hugusa pia mvua za Kenya na Tanzania.

Msomaji atauliza juu ya El Niño, maana siku hizi jina hilo limefika hata sokoni. Ndilo joto la ziada la maji ya Pasifiki. Miaka ya ukame 2002 na 2009 ilikuwa miaka ya El Niño. Lakini mwaka 1997, El Niño ikiwa kubwa ajabu, India ilipata mvua yake yote na kuzidi kidogo. Gilbert Walker, fundi wa hesabu aliyeletwa kuongoza idara ya India mwaka 1904, ndiye aliyeonyesha wazi jinsi hewa ya Pasifiki na hewa ya Bahari ya Hindi zinavyopishana kama pande mbili za mizani. Alitumwa kutafuta njia ya kutabiri ukame, kwa sababu njaa iliyoletwa na ukame ilikuwa imeua mamilioni. Alipata siri kubwa ya dunia, lakini utabiri aliotumwa kuutafuta hakuupata kwa hakika. Naona hadithi hiyo ni ya heshima.

Tena mtu asidhani ya kuwa wastani wa nchi humlinda mtu wa kijijini. Mwaka 2018 India kwa jumla ilipungukiwa asilimia 9, na mwezi wa nane mwaka ule ule Kerala ilizama katika mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 400. Na tarehe 26 Julai 2005 kituo kimoja cha Mumbai kilipima milimeta 944 kwa siku moja, kuzidi wastani wa nchi kwa miezi minne.

Turudi kwa mbegu. Katika jimbo la Maharashtra, kwenye pamba na soya, kuna neno ambalo kila mtoto wa shamba analijua: dubar perni, kupanda mara ya pili. Ni neno la huzuni. Maana yake mvua ya kwanza iliwadanganya, mbegu iliota ikafa, na baba amekwenda kwa mkopeshaji. Maofisa wa kilimo wa huko huwasihi watu wasipande mpaka udongo umekunywa milimeta 75 mpaka 100. Shauri ni jema, ila ni gumu. Anayengoja huona jirani amekwisha kupanda. Na mvua zikiendelea bila kukatika, yule aliyengoja ndiye aliyepoteza majuma mawili ya mwanzo, yenye thamani kuliko mengine. Simlaumu mtu yeyote aliyepanda mapema. Hakuwa mjinga, alikuwa na njaa na haraka.

Mwaka 2025 serikali ya India ilijaribu jambo jipya: iliwapelekea wakulima wapatao milioni 38, kwa ujumbe wa simu, utabiri wa siku za mvua kuanza kwao, wengine majuma manne kabla. Ulikuwa mwaka mwafaka wa kujaribu. Mvua ziliwahi kufika Kerala, tarehe 24 Mei, zikafika Mumbai siku mbili baadaye, halafu safari yake ya kaskazini ikasimama siku kama ishirini. Utabiri ule ulikuwa umeliona pumziko hilo. Waliouamini waliziacha mbegu ghalani.

Na sisi wa Katanga? Mvua zetu haziji kwa njia ya Himalaya, wala hatuna bahari karibu. Huko Lubumbashi hunyesha kama milimeta 1,200 kwa mwaka, karibu zote tangu mwezi wa kumi na moja hata wa tatu, na kuanzia wa tano hata wa tisa ni kavu. Lakini ukanda unaotuletea mvua ni ule ule unaolifuata jua, nao huja kwetu kwa mawimbi pia, ukisogea na kurudi nyuma kabla haujatulia. Mvua za ngurumo za mwezi wa kumi ndizo mvua zetu za maembe. Hata sisi hula maembe wakati huo huo!

Basi, mwanafunzi wangu, jibu ni hili: masika yalikuwa hayajaanza. Zilikuwa siku tatu za mvua. Wala mama hakukosa kwa kutojua, kwa sababu siku ile ya tatu hakuna mtu kijijini ambaye angeweza kujua kwa macho matupu. Nikupe kazi. Tafuta mkebe wenye kuta zilizonyoka, mdomo wake uwe sawa na kitako chake. Usimamishe mahali wazi, mbali na mti na paa la nyumba. Kila asubuhi, saa ile ile, pima maji kwa rula, andika, kisha yamwage. Kila milimeta moja ni lita moja ya maji katika kila meta moja ya mraba ya shamba la mama. Andika na siku ambazo mkebe ni mkavu, usiziruke, maana hizo ndizo zenye habari. Andika pia upepo umetoka wapi. Chimba kwa jembe na uandike unyevu umeshuka vidole vingapi. Mwaka wa kwanza daftari lako litakuambia machache. Ukifika mwaka wa tano, watu wazima watakuja kukuuliza.

Kati ya tarehe 17 Septemba na 15 Oktoba msimu wa kusi hujiondoa India, ukianzia jangwa la Rajasthan. Upepo hugeuka, na ukanda wa mawingu hurudi kusini kulifuata jua, huvuka ikweta na kuikaribia nchi yetu. Siku hizo hizo akina mama wa Kipushi na wa Kasenga huondoa majembe ukutani, moshi wa mashamba yaliyochomwa ungali angani, na mawingu ya kwanza hujikusanya saa tisa alasiri. Mwanafunzi wangu amekwisha kuupata mkebe. Ulikuwa wa maziwa ya unga. Ameuweka katikati ya ua, na mawe matatu kuuzunguka kuku wasiuangushe.